Kupandisha toleo katikati ya hitilafu: uchambuzi wa kisa cha seva ya ofisi ya forodha, Mombasa

Kisa hiki kilitokea katika ofisi moja ya uwakala wa forodha iliyoko Moi Avenue, Mombasa, kuanzia jioni ya Alhamisi tarehe 30 Septemba 2021. Ofisi hiyo hutoa mizigo ya wateja wake katika bandari ya Kilindini, na karibu kila hatua ya kazi yake hupitia programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo huweka kumbukumbu zake katika hifadhidata ya PostgreSQL. Programu na hifadhidata vilikuwa ndani ya seva moja yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 16.04. Jioni hiyo programu ilikatika mawasiliano na huduma ya nje inayopanga malori ya kuchukua makontena, na kabla hitilafu yenyewe haijaanza kuchunguzwa, swali moja likawa limekwisha kutawala mazungumzo yote: je, tupandishe toleo la mfumo mzima, yaani tuihamishie seva kwenye Ubuntu mpya zaidi, usiku huohuo?

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kupandisha toleo kungeliondoa hitilafu ile. Laiti kusingeliiondoa, somo lingekuwa jepesi na lisingehitaji kuandikwa. Ugumu wa kisa uko hapo hasa: shauri lililotolewa lilikuwa na dawa ndani yake, na bado, kwa maoni yangu, halikuwa shauri la kufuatwa usiku ule.

Hali ilivyokuwa

Mzigo unapokuwa umelipiwa na kuruhusiwa, karani wa ofisi hubonyeza kitufe, programu hutuma ombi kwa huduma ya malori, na dereva hupata ujumbe kwenye simu yake unaomwambia afike lango gani na kwa kontena lipi. Ombi hilo likikwama, lori halina cha kufuata langoni, na kontena hubaki uwanjani. Siku za bure zikimalizika, ada ya kuhifadhi mzigo huanza kuhesabiwa, na mteja haulizi kama kosa ni la seva au la mtu.

Usiku wenyewe ulikuwa mfupi. Amri ya kutotoka nje kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri ilikuwa bado inatumika nchini Kenya, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka uleule, kwa hiyo yeyote ambaye angebaki ofisini kusimamia mabadiliko makubwa ya seva angelala hapohapo. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ambayo ofisi nyingi za mji huu hujitahidi kumaliza mambo mazito kabla ya sala ya adhuhuri. Ninataja mambo haya kwa kuwa uamuzi wa kiufundi haufanyiki hewani; muda uliopo, watu waliopo na njia ya kurudi nyuma iliyopo ni sehemu ya uamuzi kama ilivyo namba ya toleo.

Dhana ya kwanza, kama ilivyo desturi ya mji huu, iliangukia intaneti. Mombasa ndiko nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikotua mwaka 2009, na kila mawasiliano yanapolegea watu hutazama baharini. Dhana hiyo haikudumu. Seva ilikuwa ikifikia tovuti nyingine nyingi bila tatizo, na kipakatalishi cha mhasibu, kinachotumia intaneti hiyohiyo, kiliifungua tovuti ya huduma ya malori bila onyo lolote.

Hoja ya kupandisha toleo

Kampuni iliyoiuzia ofisi programu ilipopigiwa simu ilijibu upesi, na jibu lake lilikuwa fupi: mfumo endeshi wenu ni wa zamani, hauungwi mkono tena, pandisheni toleo kwanza kisha tutazungumza.

Ingekuwa dhuluma kulichukulia jibu hilo kama njia ya kukwepa kazi. Ubuntu 16.04 ilitoka Aprili 2016, na masasisho yake ya kawaida yalikoma mwishoni mwa Aprili 2021; aliyetaka kuendelea kuyapata ilimbidi ajisajili kwa mpango wa ziada, na ofisi hii haikuwa imejisajili. PostgreSQL 9.5 iliyokuwa ndani yake ilikwisha kupewa sasisho la mwisho Februari 2021. Maktaba ya OpenSSL, ambayo ndiyo hulinda mawasiliano na kuhakiki vyeti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa, ilikuwa ya mfululizo wa 1.0.2, na waundaji wake waliacha kuutunza mfululizo huo mwisho wa mwaka 2019. Fundi anayeombwa kutafuta kosa katika msingi uliochakaa hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini atumie saa zake kuchimbua kitu ambacho huenda kilishatengenezwa miaka miwili iliyopita. Mara nyingi sana ndivyo ilivyo.

Lakini ndani ya jibu lile mlikuwa na maswali mawili yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza ni kama seva hii imefika wakati wa kupandishwa toleo. Jibu lake lilikuwa ndiyo, tena ndiyo iliyochelewa. La pili ni kama kupandisha toleo ndiyo tiba ya hitilafu iliyoanza leo jioni. Swali hili la pili hakuna aliyekuwa na jibu lake, wala kampuni ile haikudai kuwa nalo. Jibu la swali la kwanza lilikuwa likikopeshwa kwa swali la pili, na kwa uzoefu wangu hii ndiyo njia ambayo maamuzi mengi ya namna hii hupotea: mfumo ni mzee, basi uzee ndio ugonjwa.

Mkurugenzi wa ofisi, mama wa makamo ambaye ameijua bandari tangu enzi za karatasi na mihuri, aliliweka jambo wazi kuliko sisi mafundi. Aliniuliza, "Mwanangu, niambie kitu kimoja tu. Tukipandisha usiku huu, kesho malori yataingia?"

Nikamjibu, "Mama, sijui kama yataingia, na mpaka nijue kwa nini yamekwama leo siwezi kukuahidi."

"Basi usipandishe. Kaa nalo mpaka ulijue."

Ilikubaliwa kwamba makarani watapanga malori kwa simu na kwa daftari mpaka Ijumaa adhuhuri, na kwamba seva haitaguswa mpaka tuwe na sentensi moja inayosema kinachosababisha hitilafu, sentensi ambayo inaweza kujaribiwa na kuonekana kuwa kweli au uongo.

Ushahidi uliokuwepo

Kumbukumbu za programu zilikuwa na jambo la kushangaza. Maombi yote ya mchana yalipita. Ombi la mwisho lililofaulu liliandikwa muda mfupi kabla ya saa kumi na moja jioni, na baada ya saa kumi na moja na dakika moja hakuna ombi hata moja lililopita, liwe la kontena moja au la shehena nzima. Seva iliyozidiwa na kazi huyumba: maombi mengine hupita, mengine hukwama. Diski inayokufa huyumba pia. Kosa lililomo katika msimbo huchagua data yake, likaangusha ombi hili na kuliacha lile. Hitilafu inayokata kama kisu katika dakika moja, bila kuchagua, mara nyingi huwa na sababu ya aina mbili: mtu amebadilisha kitu, au kitu kimefika tarehe yake.

Kumbukumbu za usakinishaji, katika faili la dpkg.log, hazikuonyesha badiliko lolote siku hiyo wala siku zilizotangulia. Huduma ya malori nayo ilisema haijagusa kitu upande wake, na simu za madereva zilikuwa zikiifikia kama kawaida. Ikabaki tarehe.

Ujumbe wa kosa wenyewe ulisema cheti kimekwisha muda. Hapo wengi huishia, kwa sababu ujumbe unaonekana kujieleza. Tulipokitazama cheti cha huduma ile, hata hivyo, tulikuta ni cheti cha Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, cha siku 90 kama vilivyokuwa vyeti vyao wakati huo, na muda wake ulikuwa haujafika hata nusu. Mashine ilikuwa ikisema cheti kimekufa, na cheti kikionekana kizima. Ukinzani kama huu una thamani kubwa kuliko ujumbe wowote wa kosa, na ndio ambao kupandisha toleo usiku ule kungeufuta: mfumo mpya ungeamka, maombi yangepita, na hakuna ambaye angejua mashine ile ilikuwa inazungumzia cheti gani.

Cheti cha tovuti hakisimami peke yake. Kimesainiwa na cheti cha kati, nacho kimesainiwa na cheti cha mzizi ambacho kila mashine hubeba katika orodha yake ya vyeti inavyoviamini. Let's Encrypt ilipoanza kazi, mzizi wake yenyewe, uitwao ISRG Root X1, ulikuwa bado haumo katika orodha za mashine nyingi duniani, kwa hiyo iliegemea mzizi mkongwe wa kampuni ya IdenTrust, uitwao DST Root CA X3. Mzizi huo mkongwe ulikuwa na tarehe ya mwisho iliyojulikana miaka mingi mbele: 30 Septemba 2021, saa nane na dakika moja mchana kwa saa za Greenwich. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi na moja na dakika moja jioni.

Saa ililingana na kumbukumbu zetu barabara, lakini ulinganifu si uthibitisho, na bado palikuwa na fundo. Tulipokagua orodha ya vyeti ya seva tulikuta ISRG Root X1 imo. Seva ilikuwa na mzizi mpya, mzima, unaotosha kukihakiki cheti cha huduma ya malori. Kwa nini basi ilikikataa?

Fundo lilikuwa katika namna OpenSSL 1.0.2 inavyoujenga mnyororo wa vyeti, kutoka cheti cha tovuti hadi mzizi. Huduma ile, kama tovuti nyingi za Let's Encrypt wakati huo, ilikuwa ikituma mnyororo mrefu, ambao ndani yake mna nakala ya ISRG Root X1 iliyosainiwa na DST Root CA X3. OpenSSL 1.0.2 kwa kawaida huanza na vyeti ilivyotumiwa na upande wa pili, ikavifuata hadi mwisho, ndipo itazame orodha yake. Ilifuata mnyororo huo mrefu mpaka kwa DST Root CA X3, ikaukuta katika orodha yake, ikaona umekwisha muda, ikakataa. Haikurudi nyuma kutazama kwamba hatua moja kabla ya hapo ilipita mbele ya mzizi mwingine ambao ni mzima. Kuanzia mfululizo wa 1.1.0, OpenSSL huanza na orodha ya vyeti inavyoviamini, na ndiyo sababu mashine mpya hazikuyumba.

Dhana hii ilikuwa na sifa niliyokuwa nikiitafuta: inajaribika bila kubadilisha chochote. Amri ya openssl s_client katika toleo lilelile la 1.0.2 ina chaguo liitwalo trusted_first, ambalo huiamuru ianze na vyeti inavyoviamini. Tuliiendesha amri juu ya seva ileile, tukiielekeza kwenye saraka ya /etc/ssl/certs, kwanza bila chaguo hilo, na jibu la uhakiki likawa namba 10, maana yake cheti kimekwisha muda. Tukaiendesha tena, kila kitu kikiwa vilevile isipokuwa chaguo hilo moja, na jibu likawa namba 0, yaani sawa. Kisha, kwa nakala ya seva tuliyoiweka katika mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, tulirudisha saa nyuma hadi tarehe 29 Septemba, na maombi yakapita bila kuguswa kitu kingine.

Sasa tulikuwa na sentensi. OpenSSL ya seva hii hukataa mnyororo unaopita kwa DST Root CA X3 kwa kuwa mzizi huo bado umo katika orodha yake na umekwisha muda.

Njia zilizokuwa mezani

Sababu ilipojulikana, shauri la kupandisha toleo liligeuka sura, kwa kuwa sasa tuliweza kulipima pamoja na njia nyingine badala ya kulikubali au kulikataa kwa imani.

Njia ya haraka kuliko zote, iliyopendekezwa na kijana anayetunza programu, ilikuwa kuizimia programu uhakiki wa vyeti kwa muda. Ni mstari mmoja wa msimbo, na maombi yangepita dakika ileile. Niliikataa kabisa. Maombi yale hubeba nywila za akaunti ya ofisi na maelezo ya mizigo ya wateja, na programu isiyohakiki vyeti humkabidhi siri hizo yeyote atakayejiweka katikati. Tena neno "kwa muda" katika ofisi yenye kazi nyingi huwa halina mwisho.

Njia ya pili ilikuwa kuiomba huduma ya malori ibadilishe mnyororo inaoutuma, itumie ule mfupi usiopita kwa DST Root CA X3. Kwa upande wetu ingetosha. Lakini mnyororo mrefu ulikuwa umewekwa kwa makusudi: simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazina ISRG Root X1, ila hazijali tarehe ya mwisho ya mzizi uliomo katika orodha yao, kwa hiyo mnyororo mrefu uliziwezesha wakati huo kuendelea kufanya kazi hata baada ya mzizi mkongwe kufa. Madereva na matingo wengi wanaosubiri zamu Changamwe na Miritini hawana simu mpya. Tungejiponya sisi na kuwakata wao, na hilo halikuwa haki wala halikuwa na faida, kwa sababu mwisho wa safari ya kila ombi letu ni simu ya dereva.

Ya tatu ilikuwa kupandisha OpenSSL peke yake. Inasikika kuwa ya wastani na ya busara, kumbe ni mbaya kuliko inavyoonekana. Programu za Ubuntu 16.04 zinazotumia OpenSSL, PHP na chombo cha kutuma maombi kiitwacho curl zikiwemo, zimeunganishwa na maktaba ya 1.0, mfululizo wa 1.1 hauchukui nafasi yake moja kwa moja, na kila kinachoitegemea kingehitaji kujengwa upya kwa mkono. Ofisi ingebaki na mashine ambayo si Ubuntu 16.04 wala si toleo jipya la 18.04, isiyojulikana na mwongozo wowote.

Ya nne ilikuwa kuuondoa mzizi uliokufa katika orodha ya seva. OpenSSL 1.0.2 isipomkuta DST Root CA X3, mnyororo mrefu huishia hewani, na hapo, kwa kuwa imeshindwa kuukamilisha, hujaribu njia mbadala na kumkuta ISRG Root X1 katika orodha yake. Badiliko hili lina mipaka inayoonekana: mzizi uliokwisha muda hauwezi tena kuidhinisha tovuti yoyote katika seva hii, kwa hiyo kuuondoa hakupotezi kitu. Likiharibika jambo, kulirudisha ni kufuta herufi moja.

Ya tano ndiyo ile ya kampuni: kupandisha mfumo mzima. Ingeiondoa hitilafu, hilo sasa tulilijua kwa hakika, kwa kuwa Ubuntu 18.04 ina OpenSSL ya mfululizo wa 1.1. Ila ingebadilisha pamoja nayo kiini cha mfumo, PHP, hifadhidata, maktaba ya msingi ya C na mamia ya vifurushi vingine. Fundi wa jahazi anayetafuta tundu linaloingiza maji hang'oi mbao zote za ubavu, hata kama anajua kwamba mbao zenyewe zimezeeka na iko siku atazibadilisha.

Tulichofanya Ijumaa

Asubuhi, juu ya ile nakala kwanza, tulifungua faili la /etc/ca-certificates.conf, tukatafuta mstari wa mozilla/DST_Root_CA_X3.crt, tukaweka alama ya mshangao mwanzoni mwake, kisha tukaendesha amri ya update-ca-certificates, ambayo ilijibu kwamba cheti kimoja kimeondolewa. Maombi ya majaribio yalipita. Tukarudia hatua hizohizo juu ya seva yenyewe, baada ya kuweka nakala rudufu ya faili na ya hifadhidata, na makarani wakaanza kutuma maombi yaliyokuwa yamelala daftarini kabla watu hawajaondoka kwenda msikitini.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo ilitokana na kuijua sababu na si na tiba. Ofisi ina mashine ya pili katika godauni lake la Miritini, ya umri uleule, ambayo huunganishwa na mtandao pale tu shehena inapoingia. Ingeanguka kwa hitilafu hiyohiyo mara ya kwanza itakapowashwa. Ilitengenezwa kwa mstari uleule kabla haijamsumbua mtu.

Inafaa pia kusemwa kwamba Ubuntu ilikuwa imetoa sasisho dogo la orodha ya vyeti mwezi huohuo wa Septemba, likiuondoa mzizi ule kabla haujafa, kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa na kwa 16.04 iliyosajiliwa katika mpango wa ziada. Kwa hiyo kampuni ya programu haikukosea iliposema kwamba uchakavu wa mfumo una mkono katika jambo hili. Kilichokosekana ni sasisho dogo la kifurushi kimoja, na hilo ni tofauti kabisa na kuhama toleo zima usiku wa dharura.

Kilichokuwa kikisubiri ndani ya toleo jipya

Kazi ya kupandisha toleo ilifanywa miezi iliyofuata, kama mradi wenye tarehe yake na majaribio yake, na ndipo ilipoonekana wazi yale ambayo yangetukuta usiku wa Alhamisi.

La kwanza ni la PHP. Programu ilikuwa ikificha nywila za akaunti za washirika kwa kutumia kiendelezi cha mcrypt. PHP 7.0 ya Ubuntu 16.04 ilikuwa nacho, PHP 7.2, inayokuja na Ubuntu 18.04, ilikuwa imekiondoa. Programu ingeamka, ukurasa wa kuingilia ungeonekana mzima, na mara tu karani angebonyeza kitufe cha kutuma ombi, ingeanguka, safari hii kwa sababu mpya isiyohusiana na vyeti. Kwa macho ya mtu aliyekaa mbele ya skrini saa tano ya usiku, dalili ni ileile: malori hayapangiki. Angeamini kwamba kupandisha toleo hakukusaidia, wakati ukweli ni kwamba hitilafu ya kwanza imepona na ya pili imezaliwa. Sijui hali inayopoteza muda wa fundi kuliko hiyo.

La pili ni la hifadhidata, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Kutoka 16.04 huwezi kuruka; unapita 18.04 kwanza ndipo ufike 20.04. Katika hatua hiyo ya pili maktaba ya msingi ya C, glibc, huvuka toleo la 2.28, lililotoka mwaka 2018 na ambalo lilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno katika lugha nyingi. Mfano wake mdogo unaonekana kwa amri ya sort, inayopanga mistari, katika mashine iliyowekwa mpangilio wa lugha wa en_US.UTF-8, kama ilivyokuwa yetu: mpe "1-1" na "11", na mfumo wa zamani utatanguliza "11", mpya utatanguliza "1-1". PostgreSQL hutegemea utaratibu huo kupanga faharasa zake za maandishi, yaani orodha zinazoiwezesha kuipata rekodi upesi. Faharasa iliyojengwa kwa utaratibu wa zamani na kusomwa kwa utaratibu mpya haitoi ujumbe wa kosa. Hutafuta rekodi mahali isipokuwepo na kujibu kwamba haipo.

Namba za majalada ya ofisi hii zina vistari, karibu zote. Karani angetafuta jalada la mteja, angeambiwa halipo, angelifungua upya, na hifadhidata ingemkubalia, hata kwenye safu ambayo hairuhusiwi kuwa na namba mbili zinazofanana, kwa sababu faharasa inayolinda sharti hilo ndiyo iliyopotoka. Hitilafu ya cheti ilipiga kelele dakika ileile ilipoanza, na kelele ile ni neema. Hii ya faharasa ingekaa kimya wiki nyingi, ikazalisha majalada pacha na ankara pacha, na ingegunduliwa na mteja au na mkaguzi wa hesabu.

Kwa kuwa safari hii tulikuwa na muda, mfumo mpya ulijengwa kwenye mashine mpya kando ya ile ya zamani. Nywila zilifunguliwa kwa mcrypt upande wa zamani na kufichwa upya kwa njia inayoungwa mkono upande wa pili. Data ya PostgreSQL ilitolewa kama maandishi na kuingizwa upya, njia inayozijenga faharasa zote kwa utaratibu wa mfumo mpya, badala ya kuhamisha saraka ya data ilivyo. Makarani walitumia mfumo mpya kwa majalada ya majaribio, wakilinganisha orodha na orodha, kabla seva ya zamani haijafungwa.

Pamoja na kazi hiyo, mkurugenzi aliomba kifungu kimoja kiongezwe katika mkataba wa matengenezo. Kampuni ikishauri kupandisha toleo ili kuondoa hitilafu, sharti iandike kwanza ni badiliko gani ndani ya toleo jipya linalotarajiwa kuiondoa, na ni jaribio gani juu ya nakala litakaloonyesha hivyo. Na ikiwa shauri ni la kupandisha toleo kwa sababu ya umri tu, liandikwe hivyo, lipewe tarehe yake, na hitilafu iendelee kuchunguzwa kama kazi nyingine. Kampuni ilikikubali kifungu hicho bila ubishi, na tangu hapo maombi ya hitilafu na maombi ya kupandisha toleo huandikwa katika daftari mbili tofauti.